Deni la Mwenye Kufunga

Katika sehemu ya pili ya Jamhuri ya Plato, Glaucon anamsimulia Socrates kisa cha mchungaji mmoja wa nchi ya Lydia. Ardhi ilipasuka kwa tetemeko, mchungaji akashuka shimoni, akakuta maiti yenye pete ya dhahabu kidoleni, akaivua. Baadaye akagundua kuwa akiligeuza jiwe la pete kuelekea ndani ya kiganja, haonekani. Akiligeuza nje, aonekana tena. Haukupita muda akaingia katika jumba la mfalme, akamtongoza malkia, akamuua mfalme na kuushika utawala. Glaucon anauliza: lau zingekuwako pete mbili za aina hiyo, moja akapewa mwadilifu na nyingine dhalimu, je, mwadilifu angejizuia kunyoosha mkono kwenye mali ya watu sokoni, ilhali hapana amwonaye?

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili swali hilo lilikuwa fumbo la darasani. Kompyuta imelitoa darasani na kuliweka juu ya meza ya kila mtu. Anayenakili programu ya kompyuta bila ya idhini amevaa pete ya mchungaji: hapana mlango aliouvunja, hapana kitu kilichopungua dukani, hapana shahidi, na nakala aliyoipata haina tofauti hata chembe na ile iliyonunuliwa. Mwizi wa ng'ombe huacha pengo zizini. Mwizi wa programu huacha kila kitu mahali pake. Ndiyo maana wengi wafanyao hivyo hawajihesabu kuwa wezi, na ndiyo maana watengenezaji wa programu walitafuta njia ya kuivua pete hiyo kidoleni. Miongoni mwa walivyovibuni ni ufunguo: kidude chenye ukubwa wa kidole gumba, kinachochomekwa kwenye kompyuta, ambacho kisipokuwapo programu haikubali kufanya kazi. Linalostahili kuulizwa si kama fundi ana haki ya kufunga. Linalostahili kuulizwa ni kwamba akishafunga, anadaiwa nini.

Haki yake yafaa itangulie kusemwa. Programu hazikuwa bidhaa tangu mwanzo. Hadi mwaka 1969, kampuni ya IBM ya Marekani ilizitoa programu zake nyingi pamoja na mashine, bila ya kuzitoza bei yake mbali. Mwaka huo ndipo ilipotangaza kuzitenga. Miaka sita baadaye ilitokea Altair 8800, kompyuta ndogo iliyouzwa kwa wapenzi wa elimu hiyo, na Bill Gates, Paul Allen na Monte Davidoff wakaiandikia lugha ya BASIC. Programu hiyo ilihifadhiwa katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Mwaka 1975 utepe mmoja ulichukuliwa katika maonyesho huko California, ukanakiliwa, na nakala zikagawiwa bure baina ya wapenzi hao. Tarehe 3 Februari 1976, Gates, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi. Alidai kuwa wenye mashine hizo walioinunua programu hawakufika mmoja katika kila kumi, na kwamba mapato yakigawanywa kwa saa zilizotumika, ujira wa kazi ile ulikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Akauliza ni nani awezaye kufanya kazi ya ufundi wa namna hiyo bila ya malipo.

Barua ile iliwaudhi wengi, na mwandishi wake alikuja kuwa tajiri kiasi ambacho msomaji wa leo huona taabu kumhurumia. Hata hivyo hoja haipimwi kwa mfuko wa aliyeitoa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Fundi anayekesha miaka miwili akiandika programu ya kupimia ardhi au ya kuongozea mashine ya kukatia chuma, na ambaye wateja wake ulimwenguni kote hawazidi mia chache, hapotezi makombo nakala moja inapoibwa. Hupoteza kodi ya nyumba ya mwezi. Sheria imelikubali jambo hilo: Tanzania Bara ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003. Kwa wale wapendao kuitazama haki kwa jicho la dini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, kwamba wana idhini ya kuziuza, na kwamba haijuzu kuzidhulumu. Kwa hivyo ile kauli ya kwamba elimu ni ya Mungu, basi kazi ya mtu inanakiliwa tu, haisimami. Elimu ni ya Mungu. Usiku aliokesha fundi ni wa fundi.

Ufunguo wenyewe ulianza kwa unyonge. Miongoni mwa wa mwanzo kabisa ni ule uliouzwa mwaka 1980 pamoja na Wordcraft, programu ya kuandikia iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya kompyuta ya Commodore PET. Funguo za awali zilikuwa sahali: programu iliuliza, na kidude kikajibu kwa namba ile ile siku zote. Baadaye ufundi uliongezeka. Programu hutunga swali jipya kila mara, na chipu iliyomo ndani ya ufunguo hulikokotolea jibu kwa kutumia siri ambayo haitoki nje. Ni mfano wa mlinzi wa usiku anayemtajia mgeni neno, na mgeni hana budi kuitikia kwa neno la pili ambalo ni watu wa nyumbani tu walijuao. Jibu likikosekana, programu husimama. Mtu anaweza kuinakili programu mara elfu. Ufunguo ni mmoja, na aliye nao ndiye atumiaye.

Hapana budi kukiri kuwa kifaa hiki kina wema wake. Hakimpelelezi mtumiaji, wala hakiulizi makao makuu ya kampuni kama leo kifungue au kisifungue. Aliye baharini, au kisiwani siku ambayo mawasiliano yamekatika, huendelea na kazi yake. Huweza kuuchomoa ufunguo na kuuhamishia kwenye kompyuta nyingine, au akamwazima mshirika wake. Ukilinganishwa na vibali vinavyotolewa kwa njia ya intaneti, ambavyo mwenyewe huweza kuvikata akiwa bara la mbali, ufunguo ni ahadi inayoshikika mkononi.

Walakini mwizi hodari hahangaiki na ufunguo. Huingia ndani ya programu yenyewe, akatafuta mahali swali linapoulizwa, akaling'oa. Au hutengeneza kivuli cha ufunguo, yaani programu ndogo inayoigiza majibu yake. Watengenezaji nao hujibu kwa kuitia fumbo sehemu ya programu yao, isiweze kufumbuliwa ila kwa siri iliyomo ndani ya chipu. Kazi ya mwizi huwa ngumu zaidi, lakini haikomi. Na akishafaulu mmoja, nakala iliyong'olewa kufuli huwafikia maelfu. Hapo hutokea kinyume cha lililokusudiwa. Aliyeiba anatumia programu isiyo na kufuli. Aliyelipa ndiye anayeubeba ufunguo, ndiye anayeogopa kuupoteza, na ndiye ambaye kazi yake husimama siku unapovunjika. Kufuli limekuwa mzigo wa mwaminifu.

Jambo hili lilidhihirika mapema. Mwaka 1986 kampuni ya Autodesk ya California iliongeza ufunguo kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea majengo na mitambo, kwa wanunuzi wa Marekani. Wateja walilalamika sana, na kampuni haikukawia kuuondoa. Katika nchi nyingi nyingine ufunguo ulibaki kwa miaka. Kampuni ilikuwa na hesabu zake za biashara, na yamkini hazikuwa na makosa. Lakini mchoraji mwaminifu wa nchi hizo alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mwenzake wa Marekani aaminiwe kwa neno lake, na yeye adaiwe dhamana. Methali ya samaki mmoja akioza ni onyo jema kwa anayechagua marafiki. Ikifanywa kanuni ya kuwahukumu watu ambao hawajakosa, inakuwa dhuluma.

Hapo hujibiwa kwamba kufuli si tusi. Kila nyumba ya mjini ina komeo, wala jirani hakasiriki aonapo mlango umefungwa usiku. Jibu hilo ni kweli nusu. Mwenye nyumba hufunga mlango wake mwenyewe. Hapa mfano ulio karibu zaidi ni wa seremala aliyeuza mlango, akautia kufuli la aina yake, kisha akabaki peke yake na uwezo wa kuchonga ufunguo mwingine. Mlango u katika nyumba ya mnunuzi, na vilivyomo ndani ni vya mnunuzi: michoro yake, hesabu zake, nyimbo alizozirekodi. Uzito wa jambo uko hapo. Anayefungiwa nje hakukosa programu ya fundi pekee. Amekosa kazi ya mikono yake mwenyewe, iliyoandikwa kwa namna ambayo mara nyingi programu ile tu ndiyo iwezayo kuisoma sawasawa.

Watetezi wa kufuli wana jibu la pili, nalo ni la kisheria: mnunuzi hakuuziwa programu, ameuziwa ruhusa ya kuitumia. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya haikuridhika na maneno hayo. Mwezi wa Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, iliamua kuwa ruhusa isiyo na mwisho iliyotolewa kwa malipo ni mauzo, na kwamba aliyenunua anaweza kumuuzia mwingine, mradi nakala yake mwenyewe aifanye isitumike tena. Lakini hata ikikubaliwa kuwa ni ruhusa tu, deni halifutiki. Ruhusa iliyolipiwa ni ahadi, na ahadi ni deni. Wanazuoni wa fiqhi wameyalaumu tangu kale mauzo yenye gharar, yaani yale ambayo ndani yake mna kiza kuhusu kitu kinachouzwa au uwezekano wa kukikabidhi. Ni juu yao kusema kama ruhusa ya milele, iliyotundikwa kwenye kidude cha miaka michache, haina harufu ya kiza hicho.

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba kufuli halijui wakati. Sheria ya hakimiliki inaujua. Mkataba wa Berne unaweka kwa kazi za maandishi muda usiopungua miaka 50 baada ya kufa mtunzi, na nchi nyingi zimeongeza juu yake. Lakini muda huo una mwisho, na ukifika kazi huwa ya watu wote. Kufuli halina tarehe hiyo. Zaidi ya hayo, kifaa hufa kabla ya haki iliyokileta. Chipu huungua, tundu la printa la mtindo wa kale, ambalo funguo nyingi zilichomekwa humo, halimo tena katika kompyuta mpya, kampuni hufilisika au huuzwa kwa wasioitaka bidhaa ya zamani. Siku hiyo kufuli lililokuwa likimlinda fundi aliyepo dhidi ya mwizi, linamlinda fundi asiyekuwapo dhidi ya mtu aliyelipa.

Wenye kutunga sheria Marekani walikutana na tatizo hilo ana kwa ana. Sheria yao ya mwaka 1998 ilikataza kulikwepa kufuli la kielektroniki linalolinda kazi yenye hakimiliki, na katazo hilo lilimgusa hata aliyeinunua kazi hiyo kwa halali. Ndani yake mkawekwa mapitio ya kila miaka mitatu. Katika mapitio ya mwaka 2003 zilisamehewa programu ambazo funguo zake zimeharibika na zimepitwa na wakati, kwa maana ya kwamba hazitengenezwi tena, au badala yake na matengenezo yake hayapatikani sokoni kwa njia ya kawaida. Msamaha huo ulirudiwa mwaka 2006 na mwaka 2010. Katika orodha ya mwaka 2012 haukuwamo. Mwaka 2018 maktaba na makumbusho zikapewa msamaha mwingine, wa kuhifadhi programu zisizouzwa tena. Mwendo huo wa kutoa na kutwaa unafundisha jambo: ilikubalika kuwa kufuli huweza kuishi zaidi ya uhalali wake, lakini nafuu ikatolewa kama sadaka ya kuombwa upya kila miaka mitatu, si kama haki ya mnunuzi.

Mfano wa karibuni unatoka kwa watengenezaji wa muziki. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg, yenye programu ya Cubase inayotumika katika studio nyingi ulimwenguni, kwa miaka mingi iliwapa wanunuzi wake ufunguo uitwao eLicenser. Mwezi wa Mei 2025 huduma ya funguo hizo ilifungwa. Insafu inataka isemwe kuwa kampuni ilitangaza mapema, na ikawawekea wenye matoleo mapya njia ya kuhamia kwenye mfumo mwingine wa vibali. Wenye matoleo ya kale walibaki na funguo zao, zinazofanya kazi maadamu ni nzima. Mwanamuziki wa namna hiyo ana nyimbo zake zote, na juu yake ana kipande cha plastiki ambacho kikivunjika hakina badala.

Katika hili wapenzi wa ushairi wa mwambao wana la kuwaambia mafundi, kwa sababu urithi wao wenyewe umeokolewa na nakala. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yangaliweza kutoweka pamoja na waliokuwa wakiyahifadhi kwa moyo, lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyeyakusanya na kuyaandika, na William Taylor aliyeyatunza. Hata mwaka 1940 ndipo William Hichens alipoyatoa kitabuni, miaka mia moja baada ya mtunzi. Muhammad Kijumwa wa Lamu alitumia sehemu kubwa ya umri wake akinakili tenzi za waliomtangulia kwa hati yake ya kupendeza, na nyingi miongoni mwa nakala hizo zimehifadhiwa katika maktaba za Ulaya. Utenzi ambao ungehitaji idhini ya mtunzi wake kila unapofunguliwa usingevuka kizazi kimoja.

Mfano huo hata hivyo usifanywe ngao ya mwizi. Mnakili wa tenzi hakumpunguzia mtunzi riziki, maana riziki ya mtunzi haikuwa katika nakala. Na alipolipwa, alilipwa kwa kazi ya mkono wake. Programu ni jambo jingine. Nakala inayochukuliwa leo, ilhali fundi yu dukani anauza, inakula jasho la fundi. Nakala ya kazi ile ile, ikichukuliwa baada ya duka kufungwa na mwenyewe kuondoka, huenda ikawa ndiyo inayoiokoa kazi isipotee. Kitendo ni kimoja, hukumu ni mbili, na kinachozitenga ni wakati. Binadamu anaweza kuupambanua wakati huo. Chipu haiwezi.

Basi mwenye kufunga amejitwika amana, atake asitake. Amechukua mamlaka juu ya kazi za watu waliomlipa, na mamlaka hayo yana masharti. La kwanza, ufunguo ukiharibika si kwa hila ya mnunuzi, apewe mwingine bila ya kuuziwa programu upya. La pili, kazi ya mnunuzi mwenyewe isomeke na itolewe hata ufunguo usipokuwapo. Fundi azuie kutengeneza kipya, asizuie kuchukua kilichokwisha kutengenezwa. La tatu, siku anayoacha kuuza na kuhudumia, atoe toleo lisilouliza swali. Hili la tatu halina ugeni. Makampuni makubwa yanaponunua programu nyeti, aghalabu humtaka muuzaji aweke asili ya programu yake kwa mtu wa tatu, itolewe endapo atafilisika. Mnunuzi mdogo halipati sharti hilo kwa sababu hana nguvu ya kulidai, wala si kwa sababu haki yake ni ndogo.

Itasemwa kuwa fundi mnyonge hawezi kuzibeba gharama hizo. Kwa sharti la kwanza pingamizi lina uzito, kwani funguo hununuliwa kwa fedha, na pengine ni haki alipwe bei ya kidude kilichopotezwa kwa uzembe. Kwa sharti la tatu pingamizi halina nguvu. Aliyelitia swali ndani ya programu anajua lilipo, na kulitoa ni kazi ndogo kuliko ilivyokuwa kulitia. Wala hawezi kulalamika kuwa ataibiwa soko, maana soko amekwisha kuliacha.

Socrates, katika jibu lake refu kwa Glaucon, hakutafuta njia ya kuzivunja pete zote. Alishikilia kuwa uadilifu una faida kwa nafsi ya mwenye nao, aonekane asionekane. Kwa maana hiyo kufuli haliwezi kuwa jibu la swali la Glaucon. Linaweza kuuzuia mkono; haliwezi kuupa moyo kile ambacho mkono ulipaswa kuzuiwa nacho. Mtu asiyeiba kwa kuwa programu imefungwa hajulikani bado kuwa ni mtu gani.

Kisha lipo ambalo Glaucon hakulisema, kwa kuwa kisa chake kilikuwa na mvaaji mmoja. Katika biashara hii pete ziko mbili. Mnunuzi haonekani anaponakili chumbani mwake. Na muuzaji naye haonekani akishapokea malipo ya mwisho: anaweza kufunga ofisi, akabadilisha jina la bidhaa, akaacha kujibu barua, na sheria isimwone. Mnunuzi amewekewa kufuli. Muuzaji hajawekewa kitu, na hadi atakapowekewa, deni lake liko juu ya dhamiri yake. Wazee walikwisha kuitaja dawa ya deni, nayo ni kulipa. Na anayedaiwa ufunguo hulipa kwa kufungua.